Bwana Kioo na Kadi ya Picha

Kituo cha majaribio ya udereva kilikuwa na uwanja wa saruji, koni nyekundu zilizochujuka kwa jua, kilima cha zege kilichojengwa makusudi kuwatoa watu jasho, na mtahini mkuu aliyeitwa Bwana Kioo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu aliowafelisha. Mtu huendesha vizuri, akakata kona vizuri, akarudi nyuma katikati ya fito bila kugusa hata moja, akazima injini huku tabasamu limeanza kumchanua. Hapo Bwana Kioo, aliyekaa kando yake na ubao wa kuandikia magotini, huvua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba kwamba kioo cha pembeni hakikutazamwa. Basi. Njoo tena mwezi ujao.

Kila asubuhi dereva wa ofisi alimfuata nyumbani na jioni akamrudisha. Bwana Kioo alikaa kiti cha nyuma, na kutoka huko nyuma alimkosoa dereva mpaka mlangoni. Gari lake mwenyewe lilikaa uani chini ya turubai. Kila Jumamosi alilivua turubai, akaliosha, akaingia ndani, akawasha injini na kuiacha ingurume hadi majirani wafunge madirisha. Kisha akazima, akashuka, akalifunika tena. Mkewe, mshonaji wa sare za shule mwenye karakana yake mbele ya nyumba, aliwahi kumuuliza gari linaloogeshwa bila kutoka linaogeshewa nani. Akajibiwa kwamba ofisa wa daraja lake hana sababu ya kugombea barabara na watu ambao yeye mwenyewe amewapa leseni kwa shingo upande.

Ukweli aliuficha kifuani. Zamani, akiwa bado ofisa mdogo, aliendesha gari la idara kwenda kwenye uzinduzi wa daraja. Katikati ya mlima mkali injini ikamzimikia, gari likaanza kurudi nyuma, na mkurugenzi wa wakati huo, aliyekuwa ameshuka kupigwa picha akitembea na wananchi, akalazimika kurukia mtaroni na suti yake. Hakuna aliyeumia. Hakuna pia aliyelitaja tena jambo hilo, maana mkurugenzi hakupenda ijulikane kwamba amewahi kuwa mtaroni. Ila haukupita muda, yule ofisa mdogo akapandishwa cheo na kuwekwa mahali ambapo hatashika tena usukani: akafanywa mtahini wa wengine. Toka siku hiyo hakuendesha hata hatua moja. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Huyu hata wembe alikuwa haugusi.

Sasa, chumba cha wageni nyumbani kwake kilikuwa na kitanda, kabati la nguo zisizovaliwa, na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi za ofisi ambazo hazikuwahi kufika nyumbani. Mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi mji mwingine, alipokuja likizo aliweka humo gemu la kuendesha malori pamoja na usukani wake wa plastiki, akalicheza siku mbili tatu, akarudi kazini akaliacha. Jumapili moja Bwana Kioo aliiwasha kompyuta kutafuta picha za arusi ya mpwa wake, akabonyeza gemu hilo kwa makosa. Injini ikanguruma kwenye spika, na mbele yake ikatandazika barabara ndefu isiyo na mtu.

Aliitazama kidogo. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi akaketi.

Ndani ya lori lile kulikuwa na raha ambayo hakuitarajia. Hapakuwa na mtu kando yake mwenye ubao. Ukigonga ukingo wa daraja unabonyeza kitufe, na daraja linasamehe. Tangu hapo jioni zake zote akawa na kazi za ofisi.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa kuukuu. Barabara ilimjia vipande vipande kama mkate uliokatwa na mtu mvivu, na miti ilikuwa masanduku ya kijani. Lakini kilichomuuma hasa ni vioo vya pembeni. Havikuonyesha kitu, vilikuwa vya kijivu tupu, kama sufuria iliyogeuzwa. Mtu aliyefelisha nusu ya mji kwa ajili ya kioo hawezi kuendesha lori lisilo na kioo. Hivyo ndivyo alivyojieleza, na nafsi yake haikumbishia.

Alimpigia simu mwanawe. Kijana alicheka kwa adabu, mbali na simu, kisha akaeleza kwamba kompyuta ile haina kadi ya picha, kile kifaa kinachoichorea mashine mambo yanayotembea. Na kwamba kadi inaweza kununuliwa, ila kwa kompyuta kama ile itakuwa sawa na kufunga injini ya lori kwenye toroli. Bwana Kioo alisikia sentensi hiyo mpaka kwenye neno "kununuliwa". Yaliyofuata aliyakatia simu.

Fundi kompyuta wa mtaani aliitwa Dokta, kwa sababu alivaa koti jeupe na kuzizungumzia mashine kama wagonjwa. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na bisibisi nyuma ya sikio. Leseni ya udereva hakuwa nayo, na sababu ya kuikosa ilikuwa sasa imesimama mbele ya kaunta yake, imekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa. Dokta aliipokea kwa upole mkubwa. Akaifungua, akapuliza vumbi, akavua miwani yake, akaifuta.

"Mgonjwa ana akili, mzee," alisema. "Ila hana macho. Tumwekee macho."

Kadi aliyoitoa kabatini ilikuwa na feni mbili na taa nyekundu, na urefu wake ulikuwa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Bwana Kioo aliuliza kama itaenea. Dokta alimweleza kwamba kipimo cha fundi wa kweli kimo machoni. Kadi ilipokataa kuingia, Dokta akasema kosa ni la kasha. Akachukua msumeno wa chuma, akakata rafu ya ndani iliyokuwa imeshika diski, na diski akaining'iniza kwa uzi mnene wa kushonea viatu. Kadi ikaingia. Mfuniko ndio uliokataa kufunga, na Dokta akashauri ubaki wazi, mgonjwa apate hewa.

Mkewe alipoona kasha limerudi likiwa limepasuliwa ubavu, na taa nyekundu zinawaka ndani kama maabara, aliambiwa ni mpango wa kuboresha majaribio ya udereva yaende na wakati. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakujibu papo hapo. Alipozitoa alisema kwamba katika kazi yake, kitambaa kikikulazimisha ukate meza, hicho si kitambaa cha meza hiyo.

Lakini vioo vilionyesha. Ilikuwa ajabu ya kutazama. Nyuma ya lori ulionekana mkia wa tela, na nyuma ya tela barabara ikirudi mbali, na vilima, na wingu juu ya vilima. Jioni ya kwanza Bwana Kioo alikitazama kioo kwa mapenzi makubwa hata lori likaingia ziwani.

Raha haikudumu. Ilibainika kwamba kila lori lilipoanza kupanda mlima, kadi ilidai umeme zaidi ya ule uliokuwepo, na kompyuta ikazimika yote, giza. Dokta, alipoulizwa, alisema mgonjwa ana njaa: macho makubwa, tumbo dogo. Dawa yake ni kubadili pawa saplai, lile sanduku linaloigawia kompyuta umeme. Ajabu ni kwamba safari hii Bwana Kioo hakuwa na haraka. Alisema atafikiria. Akawa anaendesha hadi chini ya mlima, anaanza kupanda, skrini inazimika, naye anashusha pumzi kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Huo mpango ungeweza kuendelea mpaka astaafu, lau mama mkwe asingekuja.

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemtanda pande zote mbili, na hospitali ya macho ilikuwa mjini humo, kwa hiyo angekaa kwa binti yake akingoja siku ya upasuaji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, aliyezoea kuheshimiwa bila kupandisha sauti. Chumba cha wageni kilikuwa kimoja tu. Akalazwa humo, pamoja na kompyuta.

Hapo Bwana Kioo alibanwa pasipo na pa kutokea. Mwanamume hajipenyezi chumbani kwa mkwewe jioni na kufunga mlango kwa komeo. Siku za mwanzo alikaa sebuleni akisoma kanuni za barabara, akafelisha watu wengi kuliko kawaida. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemwita. Alikuwa amegundua kwamba sanduku lile lililopasuliwa hutoa joto zuri linapowashwa, na alikuwa amemwomba binti yake aliwashe ili aanikie soksi zake. Akataka kujua taa zile nyekundu zina kazi gani nyingine.

Bwana Kioo akaacha mlango wazi kabisa, akavuta kiti mbali na kitanda kadiri waya ulivyoruhusu, akamweleza kwamba ni chombo cha safari.

"Safari ya wapi, baba?"

"Popote, mama."

Mama mkwe alipenda safari kuliko chakula. Akavaa viatu, akachukua mkoba wake, akaketi ukingoni mwa kitanda nyuma ya dereva, mkoba magotini. Akaomba dua kimoyomoyo. Kisha akasema waende.

Kuanzia jioni hiyo Bwana Kioo hakuwahi tena kuendesha peke yake. Mama mkwe alikuwa abiria wa kweli. Alimsalimia kila walipoondoka, akauliza watafika saa ngapi, akamkumbusha kupunguza mwendo penye nyumba. Alisikitika walipowapita watu waliosimama kando ya njia wakihitaji msaada, na Bwana Kioo alishindwa kumwambia mkwewe kwamba wale ni vibao vya barabarani. Zaidi ya yote alisifu. Alisifu mashamba, alisifu maji, alisifu mbingu. Hakuna mtu aliyewahi kuisifu ile kadi kama yeye. Kwa mara ya kwanza Bwana Kioo aliona mali yake haikupotea.

Halafu ukaja mlima, na skrini ikazimika.

"Tumefika?" mama mkwe aliuliza.

Akaambiwa ni umeme. Kesho yake ikatokea vilevile, na kesho kutwa. Mama mkwe hakusema kitu chumbani. Alilisema mezani, mbele ya wote, kwa huruma: kwamba lori la mkwe wake ni bovu, na kwamba yeye ana akiba kidogo mkobani, angependa kuchangia matengenezo. Mkewe Bwana Kioo aliinamia sahani yake, mabega yakimtikisika. Asubuhi iliyofuata mtahini mkuu alichelewa kazini kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alipitia kwa Dokta kununua pawa saplai.

Sasa lori lilipanda, na kisingizio kikawa kimekwisha. Mlima ulipomjia, usukani wa plastiki ulianza kuteleza mikononi mwake kwa jasho. Alikosea gia. Lori likasimama, likaanza kurudi nyuma, na katika vile vioo vyake vizuri aliona kwa ufasaha wote bonde lililokuwa linamngoja. Akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Akarudia, likarudi nyuma tena. Nyuma yake hapakuwa na sauti ila ya mkoba ukifungwa na kufunguliwa.

"Baba," mama mkwe alisema hatimaye, "wewe mlima unauogopa."

"Ni gemu tu, mama."

"Sikusema gemu linaogopa."

Bwana Kioo alizima kompyuta akaenda kunywa maji.

Siku ya upasuaji ilipofika, mkurugenzi alikuwa amemtuma dereva wa ofisi safari ya mbali. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na mkewe alikuwa na mlima wa sketi za kupeleka. Alimwandaa mama yake, akambusu, akasema gari lipo uani na mkuu wa madereva wote yupo nyumbani, akaondoka na mafurushi yake. Bwana Kioo alipendekeza teksi. Mama mkwe alishangaa kwa upole. Aliuliza itakuwaje apande gari la mtu baki, wakati kwao ameshawaambia majirani wote kwamba mkwe wake ndiye anayewapa watu leseni.

Basi akavua turubai. Gari lilikuwa safi kuliko magari yote ya mji. Mama mkwe aliketi nyuma na mkoba wake, akaomba dua. Bwana Kioo alitazama kioo cha kushoto, cha kulia, cha katikati, tena cha kushoto, mpaka mama mkwe akauliza kama wanamngoja mtu. Ndipo wakatoka.

Alikwenda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, na watu wawili watatu njiani walivua kofia. Kila makutano alisimama, hata yale yenye taa ya kijani. Mama mkwe alimsifia uangalifu. Wakaenda hivyohivyo, roho mkononi, hadi mteremko ulipogeuka kuwa mwinuko: hospitali ya macho ilikuwa juu ya kilima, na barabara ya kuifikia ilipanda moja kwa moja kama ngazi iliyoegeshwa ukutani.

Katikati ya kilima injini ikazimika.

Nyuma yao magari yakaanza kujipanga. Honi zikaanza. Bwana Kioo alishika breki kwa mguu na kwa mkono, na jasho likamwingia kwenye miwani. Safari hii alitafuta kitufe cha kuanza upya, kwa kweli mkono wake ulikitafuta, ukapapasa juu ya dashibodi.

"Kuna nini, baba?"

"Gari limezimika, mama. Tuko mlimani."

Mama mkwe aliupakata mkoba wake vizuri. "Washa tena," alisema. "Likikataa, washa tena. Jicho hili nimekaa nalo miaka. Halishindwi kungoja wewe uwashe gari. Hao wa nyuma waache wapige honi, ni zao."

Akawasha, likazimika. Akawasha, likaruka kama mbuzi, likazimika. Mara ya tatu au ya nne injini ikashika, gari likatetemeka, likaacha kurudi, likaanza kupanda sentimita kwa sentimita na moshi mwingi, hadi juu. Bwana Kioo alikuwa anapumua kama ndiye aliyelisukuma. Machozi yalikuwa yamemtoka, na alishukuru kwamba abiria wake haoni.

Juu alisimama askari wa usalama barabarani, mwanamke mwenye glavu nyeupe, aliyekuwa anakuja kuona foleni imesababishwa na nini. Alichungulia dirishani, akamtambua, akanyooka. Yeye mwenyewe alipita jaribio la udereva mara ya nne, na zile tatu za kwanza alikuwa anazikumbuka vizuri. Aliomba leseni kwa adabu kamili. Bwana Kioo aliitoa. Askari aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mzee," alisema, "leseni yako ilikwisha nikiwa bado nasoma sekondari."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwomba leseni. Yeye ndiye aliyekuwa anaomba. Na kanuni ilikuwa wazi, kwa sababu yeye ndiye aliyeipendekeza katika kikao, akapigiwa makofi: mwenye leseni iliyolala muda mrefu sharti afanye jaribio upya, kwa kuwa mikono husahau. Alimwomba askari amruhusu kwanza amfikishe mama. Askari alimtazama mama mkwe, akalitazama geti la hospitali lililoonekana mbele yao, akasema mtu asiye na leseni anaweza kuendesha akiwa na mwenye leseni kando yake. Akafungua mlango, akaketi kiti cha mbele, akaweka daftari lake la faini magotini.

"Twende," alisema. "Taratibu. Na vioo, mzee."

Upasuaji ulikwenda salama. Bandeji zilipoondolewa, mama mkwe alirudi nyumbani akiona kila kitu na kulalamikia nusu yake. Aliona utando wa buibui dari nzima. Aliona kwamba binti yake amekonda na mkwe wake ana mvi masikioni. Jioni akataka safari. Bwana Kioo, ambaye hakuwa na moyo nayo tena, aliiwasha kompyuta kwa heshima tu. Vilima vikatokea, na ziwa, na mawingu yote yaliyonunuliwa kwa gharama. Mama mkwe aliinama mbele, akakodoa macho yake mapya.

"Kumbe ni katuni," alisema.

Bwana Kioo alimuuliza, kwa shida, ni nini basi alichokuwa anakisifu siku zote zile. Akajibu kwamba alikuwa anaona mwanga unakwenda, na anasikia injini. Na mtu anapokupeleka safari, ustaarabu ni kusifu njia. Kisha akainua soksi zake kwenye kasha, akaona zimekauka, akashukuru.

Ofisini, habari ya leseni ilikuwa imemtangulia. Mkurugenzi wa sasa aliitisha kikao, na swali likawa hili: je, mtahini asiye na leseni anaruhusiwa kuendelea kutahini? Mwanasheria wa idara alipekua kanuni kuanzia asubuhi hadi chai. Hakupata mahali palipoandikwa kwamba anayepima udereva awe ni dereva. Ikaamuliwa kwamba Bwana Kioo aendelee na kazi yake kama kawaida, isipokuwa ile nusu saa ambayo yeye mwenyewe atakuwa anatahiniwa.

Siku hiyo uzio wa kituo ulijaa. Walikuwepo waliofeli, waliofaulu, na wengine waliokuja kwa sababu waliona watu. Dokta alikuja na koti lake. Mtahini alikuwa msaidizi wa Bwana Kioo, mtu mpole, aliyezoea kugonga mlango hata ulio wazi. Alipanda garini akiomba radhi kwa kukaa. Bwana Kioo alitazama vioo vyote. Akakata kona. Akapanda kilima cha zege, injini ikalalama lakini ikapanda. Zikabaki fito na koni. Akarudi nyuma, akarudi, akarudi, na koni moja ikainama chini ya bampa, ikaanguka, ikabiringika mpaka kwenye uzio, miguuni mwa watu. Mtu mmoja akapiga kofi, kisha wengine.

Msaidizi alikuwa anatazama mbele kama mtu asiye na masikio. Kalamu yake ilikuwa tayari imeandika kwamba mtahiniwa amefaulu. Bwana Kioo aliiona karatasi. Ingekuwa rahisi kushuka nayo, na hakuna ambaye angethubutu kumuuliza. Lakini aliitazama koni, akawatazama wale watu, wengi wao akiwakumbuka mmoja mmoja na kosa lake, na alihisi kwamba akiichukua karatasi ile hatapata tena uso wa kuvua miwani mbele ya mtu.

"Koni imeanguka," alisema.

"Ni upepo, mkuu."

"Andika ulichokiona."

Msaidizi aliichungulia koni dirishani. Halafu akayafuta aliyoandika kwanza, akaandika. Akaandika sana. Aliandika kuhusu koni, kuhusu gia, kuhusu mkao wa mikono, kuhusu kusita kwenye kona ya pili. Akageuza karatasi akaendelea nyuma, kwa mwandiko mzuri, uso wake ukizidi kung'aa. Ilikuwa kana kwamba maneno hayo alikuwa ameyaweka siku nyingi yakingoja karatasi.

Bwana Kioo alijiandikisha katika shule ya udereva kama watu wengine. Alikaa foleni na vijana na akina mama, akaendesha gari lenye herufi nyekundu ya mwanafunzi katikati ya mji, akapigiwa honi na wote aliowahi kuwatoa jasho. Mwezi uliofuata alifaulu. Msingi wake haukubadilika. Anafelisha watu mpaka leo, na kioo bado ni kioo. Kilichobadilika ni kwamba mtu gari likimzimikia kwenye kilima, humwacha awashe tena, na lisiposhika, tena, hata foleni ya watahiniwa ifike barabarani. Wenzake wanasema uzee umemwingia.

Kompyuta aliichukua mkewe, akaihamishia karakanani. Ile kadi yenye uwezo wa kuchora milima na mawingu sasa kazi yake ni kuonyesha idadi ya sketi na mikono ya mashati, kwa rangi safi sana. Dokta amewahi kupita akasema mgonjwa anaonekana ana afya, ila anahitaji skrini kubwa zaidi. Akaonyeshwa mkasi.

Mama mkwe alipotaka kurudi kwake, Bwana Kioo alijitolea kumpeleka mwenyewe. Ilikuwa safari ya mchana mzima. Alikuwa amejiandaa kwa maswali, kwa ushauri, kwa hoja juu ya kila mtu aliyesimama kando ya njia. Lakini walipoacha nyumba za mwisho za mji, aligeuza shingo akaona mama mkwe amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, mkoba umedondoka miguuni. Bwana Kioo alishika usukani kwa mikono miwili, akaendelea.

Walipofika njia panda ya kuingilia kijijini, nyuma yake palikuwa na lori halisi, kubwa, limemganda mgongoni. Alitazama kioo, akaliona linavyojaa ndani yake, na hakuthubutu kupunguza mwendo ili akate kona. Njia panda ikapita. Akajiambia atageuza mbele kidogo, lori likishapita. Lori halikupita. Alipita vijiji ambavyo hakuvijua majina, akapanda milima miwili akiwa amesongwa hivyohivyo, mpaka kwenye kituo cha mafuta ambapo lile lori lilikata kwa hiari yake likamwachia nafasi ya kusimama.

Mama mkwe aliamka, akajinyoosha, akatazama nje kwa macho yake mazima.

"Hapa ni wapi, baba?"

"Tumepitiliza, mama."

"Mbali sana?"

"Mbali kiasi."

Mama mkwe aliokota mkoba, akatazama vilima vilivyokuwa nyuma yao na jua lililobaki. Kisha akashuka, akasema kwa kuwa wamesimama, yeye atanunua maji na mkate, na mkwe wake ageuze gari bila haraka, maadamu hapa hakuna watu.